Mwano Bila Kibali

Jinsi damu ya binadamu inavyopigana na maradhi, hakuna anayeyajua mambo hayo kunishinda katika kata nzima ya Igulambuli. Nimeyasoma. Niliyasoma darasa la saba, ukurasa mmoja, na ukurasa wenyewe ulikuwa umechanwa katikati. Nusu iliyobaki nimeiokota kwenye foleni ya zahanati, kwa kukaa karibu na wanaoongea.

Basi na itangazwe kwa fahari kwamba Igulambuli ndiyo kata ya kwanza duniani kuiweka kinga ya mwili chini ya ofisi ya kata. Kabla ya hapo miili ilikuwa inajiendea tu. Mtu anachomwa na mwiba, kidole kinavimba, hakuna barua, hakuna muhtasari, hakuna aliyeshirikishwa. Aliyekomesha fujo hiyo ni Mtendaji wetu, Herman Ndaki, mzaliwa wa Kambarage pale Shinyanga mjini, mwenye mashati saba ya mikono mirefu na muhuri mmoja anaoutembeza kwenye mfuko wa kifuani, upande wa moyo. Anapenda kuitwa Mheshimiwa. Neno hilo kwa haki ni la diwani, lakini diwani anakaa mbali.

Herman ni jasiri, asionewe. Aliwahi kushuka kwenye duara, lile shimo la wachimbaji, akining'inia kwenye kamba, mita sitini chini ya ardhi, kwenda kukagua kama wana choo. Aliwahi kusimama katikati ya magenge mawili yaliyoshikana mashati kwa ajili ya mawe ya dhahabu, akawasomea sheria ndogo za kata mpaka wakachoka wakaenda kulala. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamtoa jasho la baridi, nacho ni sindano. Akiiona, anatafuta mlango. Jambo hilo hakuna aliyelijua pale kazini, na yeye alikuwa amejipanga kuzikwa nalo. Ukilishika hilo, mengine yote utayaelewa bila kufafanuliwa.

Ilianza Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Siku hiyo zilizimwa ili watu wasikie. Nesi Bernadina wa zahanati alifika na bodaboda, kisanduku cha chanjo amekipakata kama mtoto.

Surua ilikuwa imeingia kambini kwa wachimbaji. Ilikuja na wageni wa rashi, maana dhahabu ikiibuka mahali, watu wanamiminika kutoka kila kona ya nchi, na kila mmoja anakuja na sufuria lake, kabila lake na kikohozi chake. Bernadina alikuwa na dozi za kutosha, ila zilitakiwa ziwe zimetumika kabla ya Jumatatu, la sivyo zirudi wilayani. Na kwa kuwa alikwisha kutufahamu, hakuanza na vijidudu. Alianza na sungusungu, walinzi wetu wa jadi.

"Wazee wangu na akina mama, mwangaluka!"

"Mwangaluka!" walirudisha salamu ya asubuhi.

"Ng'ombe akiibwa mnafanyaje?"

"Tunapiga mwano!" uwanja mzima uliitikia.

Mwano ni ule ukelele ambao ukiusikia unaacha tonge mdomoni, unabeba fimbo, unakimbilia ulikotokea. Anayebaki ndani ana kesi.

"Basi ndani ya damu yenu mna sungusungu," alisema Bernadina. "Wapo wanaozunguka mipakani. Wakimkuta mgeni wasiyemwelewa wanamrukia hapo hapo, hawamwulizi jina. Wakizidiwa wanapiga mwano. Mwano wa mwili ni homa. Joto linapanda, mwizi anakosa raha, wenzao wanatoka mifupani wanakuja mbio. Halafu wapo wale wa kusoma nyayo. Hawa wanachelewa, siku kadhaa, mpaka waishike soli ya mwizi. Wakishaishika, wanasokota kamba ya kipimo chake yeye peke yake. Kazi ikiisha, wachache wanabaki na kumbukumbu. Huyo mwizi akirudi hata baada ya miaka thelathini, hafiki zizini."

"Na chanjo?" aliuliza mzee Bujiku, kamanda wa sungusungu, ambaye hata kanisani anakwenda na filimbi shingoni.

"Chanjo ni kuwaletea mwizi aliyekwisha nguvu, mikono nyuma, amefungwa. Wamtazame uso, wazishike soli za katambuga zake, kabla yule mzima hajaja."

"Ala! Kumbe hilo tunalifanya kila mwaka," alisema Bujiku, naye akaanza kukunja mkono wa shati.

Wote walielewa. Bernadina angekaa chini hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini aliongeza: "Ni kwa kila ambaye hajaugua surua wala hajachanjwa, mkubwa kwa mdogo. Na kwa mfano mwema, Mtendaji wetu ataanza."

Vichwa mia tatu viligeuka. Herman alihisi tone la jasho likianzia kisogoni na kuteremka taratibu, kama mtu anayetafuta nyumba ya mwenyeji wake. Aliinuka. Alikohoa kikohozi cha ofisi.

"Dada Bernadina. Hao askari uliowataja ni wangapi?"

"Kwa mtu mmoja, Mheshimiwa? Mabilioni."

"Wana silaha?"

"Tunaweza kusema wanazo."

"Wamesajiliwa wapi?"

Bernadina alimtazama kuona kama anatania. Herman hatanii tangu aajiriwe. "Wako kwenye damu, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo," alisema Herman, akiwageukia wananchi, "ndani ya kata hii kuna kikundi chenye silaha, idadi yake ni mabilioni, hakina orodha, hakina mlezi, kinalala mifupani mwa watu. Na wewe umekuja na kisanduku kukipa mafunzo. Mafunzo hayo yana kibali?"

Mtu mmoja nyuma alisema, "Haya sasa."

"Chanjo inasimama," alisema Herman, "mpaka askari wahesabiwe."

Akaketi, akakunja nne.

Kesho yake waraka ulibandikwa kwenye mlango wa ofisi, na mimi nilikwenda kuusoma mara mbili kwa utamu wake. Homa, kwa kuwa ni mwano, isipigwe bila kibali, na maombi yafike ofisini siku tatu kabla ya kuugua. Uvimbe ni mkusanyiko. Usizidi ukubwa wa limau, na utawanyike kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kupiga chafya ni kumhamisha mkazi bila notisi. Usaha, kwa kuwa Bernadina aliwahi kueleza kuwa humo mna maiti za askari waliofia kazini, usikamuliwe mpaka ofisi itume mwakilishi wa msiba.

Watu waliutii kadiri walivyoweza. Ukipiga chafya sokoni, jirani anakukata jicho: "Wewe, una karatasi?" Mama mmoja alikwenda kuomba kibali cha jipu, akapewa, ila kiliandikwa paja la kushoto na jipu lilikuwa la kulia. Alirudishwa akalirekebishe.

Bernadina alikuwa ofisini Jumatano saa mbili kamili.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Umekuja na orodha ya askari?"

"Nimekuja kuomba muhuri. Watoto wamefika wanne walioanza homa."

"Wameomba?"

Alivuta pumzi. "Na wewe mwenyewe, Mheshimiwa, umewahi kuchanjwa?"

"Mimi sina haja. Niliugua surua nikiwa darasa la pili, pale Kambarage. Nusura nife. Askari wangu wanamjua huyo mwizi mpaka baba yake mzazi."

"Kuna mahali imeandikwa?"

Hapo ndipo utaona tofauti ya kiongozi na mtu wa kawaida. Wewe na mimi tungeng'aza macho. Herman alivuta karatasi akaandika:

*Kwa yeyote anayehusika. Namfahamu vema Ndugu Herman Ndaki, nimeishi naye kwa karibu miaka arobaini na moja. Nathibitisha kuwa aliugua surua akapona. Ni mtu mwaminifu. Wako katika ujenzi wa taifa, Herman Ndaki, Mtendaji.*

Akaigonga muhuri, akampa Bernadina aisome, akaichukua, akaikunja, akaiweka mfukoni pamoja na muhuri wenyewe. Bernadina aliondoka akitikisa kichwa mpaka barabarani.

Alhamisi ilikuja taarifa kwamba Mbuke, mwenye umri wa miaka sita, mtoto wa Martina yule mama lishe anayeuza ugali na dagaa pale karasha, amepiga mwano wa mwili waziwazi bila karatasi yoyote. Herman alimchukua mzee Bujiku amsindikize, wakaenda na notisi.

"Hodi hapa."

"Karibuni. Shikamoo mzee Bujiku."

"Marahaba, mama Mbuke. Poleni na mgonjwa."

"Tumeshapoa." Martina alikuwa ameshika kitambaa kilicholowa, na mgongoni amebeba mwingine, wa mwaka mmoja, mwenye mashavu kama maandazi. Mbuke alikuwa amelala kwenye mkeka, macho mekundu, vipele vimeanza kumtoka usoni.

"Ndiye mtuhumiwa?" aliuliza Herman.

"Ndiye Mbuke, Mheshimiwa."

Utaratibu unataka notisi isomwe mhusika akisikia. Herman alipiga magoti, akainama mpaka pua yake ikawa kiganja kimoja tu kutoka kwa mtoto, akafungua karatasi. "Mbuke binti Mihayo. Mnamo tarehe ya leo mwili wako umepiga mwano wa nyuzi thelathini na tisa na nusu, kinyume cha..."

Mbuke alifumbua macho, akamtazama, akamkoholea usoni. Akarudia. Mara ya tatu alikikusanya kikohozi kutoka mbali.

"Amepokea," alisema mzee Bujiku. "Asaini wapi?"

Herman alijifuta kwa leso. Bujiku alichuchumaa karibu naye, akasema kwa sauti ya chini, ya mtu mzima kwa mtu mzima: "Mheshimiwa, mimi nimepiga mwano miaka thelathini na minne. Sijawahi kuanza na barua. Ningeanza na barua, ng'ombe wetu wote leo wangekuwa wanakamuliwa Burundi."

"Sheria ni sheria, mzee."

"Mimi nina swali," alisema Martina. Hakupandisha sauti. "Huyu wa chini ameshaingiwa, tunahangaika naye. Huyu wa mgongoni bado mzima. Nesi ameniambia akichanjwa sasa hivi anaweza kuponea. Nimjazie fomu gani, Mheshimiwa?"

Mtoto wa mgongoni alichungulia juu ya bega la mama yake, akamwona Herman, akacheka. Meno mawili. Herman alipekua notisi mbele na nyuma kutafuta kifungu kinachohusika. Alikunja notisi yake akatoka bila kuaga, na njiani alimwambia Bujiku kwamba jua ni kali.

Ijumaa asubuhi Bernadina alirudi. Mara hii hakuomba kitu. Alikaa kwenye benchi la wageni na kuweka kisanduku magotini.

"Nimekuja kukuaga, Mheshimiwa. Dozi nazirudisha. Ila kuna jambo moja kuhusu surua sikulisema mkutanoni, nisiwatishe watu."

"Sema."

"Wezi wengine wanaiba wanaondoka. Surua si hivyo. Akiingia anawatafuta wale askari wenye kumbukumbu, anawaua. Mtoto anaweza kupona surua yenyewe, lakini mwili wake umesahau. Vichomi na kuhara ambavyo ulishavijua vinarudi, unavipokea kama wageni. Miaka miwili, mitatu, unaanza kuandika upya."

Kalamu ya Herman ilisimama. "Unasahau? Kwani kumbukumbu zinakwenda wapi?"

"Anazichoma."

"Anachoma... mafaili?"

"Masjala nzima, Mheshimiwa."

Herman aliweka kalamu chini. Kwamba watoto wanaweza kufa alikuwa amelisikia, na alikuwa amelivumilia. Lakini masjala! Aligeuka akalitazama kabati lake la mafaili, lililopangwa kwa rangi tangu mwaka alioripoti. "Na nakala?" aliuliza kwa sauti nyembamba.

"Hakuna nakala."

"Huyu siyo ugonjwa," alisema Herman. "Huyu ni mhujumu." Muhuri ulitoka mfukoni, ukashuka juu ya karatasi ya Bernadina kwa kishindo, kisha akaugonga tena pembeni, ili iwepo nakala.

Jioni ile ile mtoto wa mgongoni alichomwa, wa kwanza kabisa. Jumamosi mzee Bujiku alipiga mwano, na kwa kuwa anayebaki ndani ana kesi, Igulambuli nzima ilitoka mbio na fimbo mpaka uwanja wa karasha, ikakuta foleni badala ya mwizi. Bujiku mwenyewe alitangulia. Alipochomwa alisema tu, "Haya, mwingieni," akiwaambia askari wake. Herman alikaa mezani akisimamia, barua yake imelazwa mbele yake kama kitambulisho, na muda wote shingo yake ilikuwa imeelekea upande wa mji wa Katoro, kwenye miti. Hakuna aliyeuliza. Mwenye barua ana barua.

Mbuke alipewa matone ya vitamini na uji mwepesi, na kwa wiki nzima mama yake hakulala vizuri. Wiki ya pili ilipoanza, mtoto alikuwa ameshaanza tena kuiba dagaa kwenye karai.

Sasa, jambo likishafanikiwa linatafuta mwenyewe. Herman aliandaa Siku ya Kinga ya Mwili, Alhamisi, wiki mbili kamili tangu apeleke ile notisi. Viti vilikodiwa Katoro. Mgeni rasmi alitoka wilayani. Na ili furaha ikamilike, Herman alimtumia mama yake nauli aje kutoka Kambarage amwone mwanawe akipigiwa makofi. Bibi Apolonia alifika na kitenge kipya na kikapu cha karanga, akakalishwa mstari wa mbele, pembeni ya Martina na Mbuke.

Herman mwenyewe alikuwa na homa siku ya nne. Asifikiriwe kwamba alivunja sheria: alijiandikia maombi, akayapokea, akayatafakari, akajikubalia kwa masharti. Macho mekundu alisema ni vumbi la karasha. Mafua alisema ni vumbi. Mwanga wa jua ulikuwa unamchoma, naye alisema ni vumbi.

"Mgeni rasmi," alianza, akishikilia meza, "wapo waliodhani chanjo hii imeletwa na zahanati. Imeletwa na utaratibu. Na mimi mwenyewe ni ushahidi hai wa askari waliokomaa. Niliugua surua darasa la pili, mwizi huyo hanigusi tena."

Vipele vilikuwa vimeanzia nyuma ya masikio. Wakati anasema neno "utaratibu" vilishafika shingoni. Vikapanda juu ya kola, vikaingia mashavuni, wala havikuonyesha karatasi.

"Mama," alisema Mbuke, kwa sauti ile ya watoto isiyojua kunong'ona, "yule baba ana vya kwangu."

Makofi yalikatika. Bernadina alipanda jukwaani, akamgeuza sikio moja, akamgeuza la pili, akamwomba afungue mdomo. "Hii ni surua, Mheshimiwa."

"Haiwezekani. Nilishaugua. Nina barua." Akaitoa. Mgeni rasmi aliisoma mpaka mwisho, akarudia sahihi, akasogeza kiti chake nyuma hatua mbili.

Bibi Apolonia aliinuka. "Surua gani? Wewe umeugua surua lini?"

"Darasa la pili, mama."

"Darasa la pili? Darasa la pili walikuja na sindano shuleni, ukaruka dirisha, nikakukuta umejizika kwenye gunia la lumbesa la pamba la baba yako, umebaki pua! Nikaenda kumdanganya mwalimu kwamba una surua, asikuchape. Uongo huo nimeuungama kwa padri mara tatu, Herman. Mara tatu! Na wewe umeupigia muhuri?"

Karanga zilimwagika kutoka kikapuni.

"Mama anazeeka," Herman alimwambia mgeni rasmi, akicheka kicheko cha ofisi. "Anachanganya watoto. Mimi siogopi sindano. Sijawahi kuogopa sindano."

Bernadina aliingiza mkono kwenye mfuko wa sare yake. Alichokuwa anatoa ni kipimajoto. Lakini Herman aliona kitu chembamba, kinang'aa, kinakuja upande wake.

Meza ilianguka. Kiti cha mgeni rasmi kilirukwa, mgeni rasmi akiwa bado juu yake. Mzee Bujiku, kwa miaka thelathini na minne, hajawahi kumwona mtu akikata uwanja kwa mbio hizo halafu akamwacha. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye filimbi. Akapiga mwano.

Na mwano ni mwano. Watu mia tatu waliinuka na kutoka, na wote, kuanzia Bujiku mpaka yule wa meno mawili mgongoni, damu zao zilishaonyeshwa katambuga za huyo mwizi aliyemwingia Herman. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa siku ile. Walimzingira kwenye marundo ya mchanga nyuma ya karasha, wakitokea kushoto, kulia na mbele, bila kuambiana. Hawakumpiga. Walisimama tu kumzunguka, wanahema, na yeye katikati, mwekundu, anahema kuwazidi.

"Unakimbia nini, Mheshimiwa?" aliuliza mzee Bujiku.

Herman alivuta shati lake likae sawa. Alijaribu kusimama kama mtu aliyepanga kufika pale.

"Sikimbii. Mmepiga mwano bila kibali. Nilikuwa nawahi ofisini kuchukua muhuri, niwagongee."

"Ofisi iko kule ulikotoka."

"Nilipita njia ya mkato. Bila muhuri siwezi kuwasaidia, na muhuri nimeuacha mezani."

Bujiku aliinama, akaokota kitu kilichokuwa kimedondoka mchangani kati ya miguu ya Mtendaji. Alikipuliza vumbi, akakijaribu kwenye kiganja chake.

"Huu hapa," alisema. "Tena bado una wino."